Nusu ya Sindano

9 Januari

Mwanangu,

Hujambo huko? Mimi sijambo. Magoti yananigomea asubuhi, ikifika mchana tunapatana. Shangazi yako anakusalimu sana, amewekewa meno mapya na sasa anacheka hata pasipo na cha kuchekesha. Yule mpangaji wa chumba cha mbele amehama, na sikutafuta mwingine. Nimeweka meza dirishani, hapo ndipo nakuandikia. Usidhani mama amepata utajiri. Nimechoka tu kuzoea watu halafu wanafunga virago.

Najua utasema, mama, si upige simu. Masikio yangu unayajua. Mitambo ya kiwandani imeyala miaka ishirini na sita, na simu kwangu ni kama kuzungumza na kisima: natupa neno, sisikii likifika chini. Halafu kwenye simu kila mtu yuko sawa. Kwenye karatasi mtu ana nafasi ya kusema kweli. Mwandiko nivumilie, lile darasa la watu wazima pale kiwandani lilinifundisha kusoma vizuri kuliko kuandika.

Blanketi limefika kwa mkono wa yule dereva wa lori uliyemtuma. Ni zuri, zito, ahsante baba. Na picha imefika. Picha ndiyo iliyoninyima raha. Umesimama na wenzako chini ya winchi ya bandarini, nyote mnacheka, lakini kola ya shati lako imekuwa pana, mtu anaweza kupitisha ngumi mbili. Nikamuuliza dereva, huyu mwanangu anakula? Akanipigia kelele sikioni kwamba unakula, ila mlikaa pamoja nusu saa, na katika nusu saa hiyo ulikwenda msalani mara tatu. Akacheka, akasema labda ulikuwa unakwepa kumnunulia soda.

Mimi sikucheka. Ni nini hicho, na tangu lini? Mkwe wangu anasemaje? Mwaka mzima hajanipa hata salamu ya pembeni mwa karatasi. Mwambie sina kinyongo naye. Anijibu yeye, kama wewe hutaki.

Ni mimi mama yako.


1 Februari

Mama, shikamoo.

Nimefurahi kusikia habari za meno ya shangazi. Mwambie asiyamalize kwa kucheka.

Huku kazi inaendelea. Nimehamishwa kutoka kwenye winchi, sasa nakaa kwenye ofisi ya getini, naandika malori yanayoingia na yanayotoka. Ni kazi ya kivulini, hakuna ngazi za kupanda, na choo kiko mlango wa pili. Watu wananionea wivu.

Huyo dereva ana maneno mengi. Siku ile tumbo lilikuwa limechafuka, basi. Shati ni la zamani, limelegea kwa kufuliwa. Usianze kuhangaika mama, nakujua.

Salamu zako nitazifikisha.

Mwanao.


19 Februari

Mwanangu,

Umeamkaje? Mimi nimeamka. Bomba la jikoni limepasuka, fundi amekuja mara mbili kulitazama kama mtu anayetazama mchumba, hajaligusa. Shangazi yako amekwenda kukaa kwa binti yake, hatarudi karibuni. Kwa hiyo sasa hivi nyumba nzima ni mimi na bomba.

Barua yako ina mistari kumi na moja. Nimeihesabu. Ulipopanda winchi mara ya kwanza uliniandikia kurasa nne, ukasema unaiona meli kabla nahodha wake hajaiona bandari. Mtu hashushwi kwenye kazi anayoiweza na kuipenda, halafu akasema anaonewa wivu kwa kukaa karibu na choo. Mimi si msomi lakini si mjinga. Mficha maradhi, kilio humuumbua, na kilio chako nani atakilia kama si mimi?

Wanawake wenzangu wa zamani kiwandani, kila mmoja ana dawa yake ya tumbo, nimeambiwa majani ya kila rangi. Sikutumii hata moja. Nataka kwanza kujua.

Nikuulize jambo moja, na hili nijibu hata kama mengine utayapita. Mguu wa kushoto unauma? Hayo maumivu ya tumbo yanaanzia tumboni penyewe au yanapanda kutoka pajani? Kumbuka vizuri kabla hujajibu. Kwa nini nauliza, usiniulize.

Mama yako.


14 Machi

Mama, shikamoo.

Barua yako nimetembea nayo mfukoni siku nyingi. Nimeona nikuandikie sawasawa mara moja, ili tusitafutane tena.

Mimi ni mgonjwa, mwaka wa pili sasa. Tumbo linakata upande wa kulia, chini. Msalani naenda mara kumi, mara kumi na mbili kwa siku, na zipo siku natoka damu. Kule juu ya winchi hakuna choo, kuna ngazi mia na arobaini na mbili. Siku moja sikuwahi. Zaidi ya hapo siandiki. Kesho yake niliomba mwenyewe kushushwa.

Daktari amesema si mdudu na si chakula. Kinga ya mwili imeugeukia utumbo wangu, inaupiga kama adui, utumbo unavimba na kutoka vidonda. Ugonjwa wenyewe unaitwa Kroni. Hauambukizi. Kupona kabisa mtu haponi, ila unatulizwa ukatulia miaka. Waliniingiza kamera kwa njia ambayo siwezi kukuelezea mama yangu, ikafika mahali ikakwama. Utumbo umebana. Kilichoko mbele ya hapo hawakioni.

Kwa hiyo tarehe 11 Aprili nitapigwa picha kwa mashine nyingine, MRI. Usiogope. Haikati, haina mionzi kama eksrei, ndiyo maana inafaa kwa mtu atakayepigwa picha mara kwa mara maisha yake yote. Ni sumaku tu, kubwa sana, unalazwa na kusukumwa ndani kama mkate kwenye tanuri. Kabla yake unafunga kula, unakunywa lita moja na nusu ya maji yenye dawa ili utumbo ujae na uonekane. Wanataka kujua jambo moja: pale palipobana ni uvimbe au ni kovu. Uvimbe una dawa. Kovu lina kisu.

Wamenipa fomu, ndefu kuliko ya kuombea kazi. Una kifaa moyoni? Una risasi? Una kipande chochote cha chuma mwilini? Mtaalamu wa picha alinieleza kwamba ile sumaku haina mzaha, hata mkasi ukisahauliwa mfukoni unaruka, na chuma kilicho mwilini kinaweza kusogea au kupata moto. Nikajibu hapana mstari mzima. Nikamwambia mimi ni nyama tupu, na hata hiyo imepungua.

Kuna mahali pa kuandika jina la msindikizaji. Nimepaacha.

Mguu wa kushoto ni mzima kabisa. Kwa nini unauliza mguu? Tangu nikiwa mdogo, nikipata homa wewe unanishika paja. Nikikohoa, paja.

Mwanao.


2 Aprili

Mwanangu, baba yangu,

Salamu zisubiri leo. Barua yako imefika asubuhi hii na nimeshachana karatasi tatu.

Usiingie kwenye hiyo mashine. Ile fomu umejibu uongo bila kujua. Unacho chuma.

Nakueleza tangu mwanzo, nikikatisha sitaweza tena. Unajua kiwandani nilikuwa upande wa kuziba kasoro. Kitambaa kikitoka kwenye mtambo na uzi uliokatika, sisi tunaurudishia kwa sindano ya mkono. Kila mmoja anapewa sindano moja, na jioni anairudisha. Ikivunjika unaleta vipande vyote viwili, vinaunganishwa mbele ya msimamizi, ndipo upewe nyingine. Kipande kikibaki kwenye kitambaa kitamchoma mnunuzi. Ili isipotee, tulifundishana kuichomeka kifuani, kwenye nguo, upande wa moyo. Ukiinuka, unachomeka. Ukiitwa, unachomeka. Mkono wenyewe ulikuwa unakwenda.

Siku hiyo nilitoka nayo nikiwa nimesahau. Ulikuwa na miezi kumi na sita. Nilifungua mlango ukaja mbio, ndiyo kwanza unajua kukimbia, nikakunyakua nikakubana kifuani kwa shauku ya kutokukuona tangu alfajiri. Ukapiga ukelele mmoja. Nilipokutenga na kifua changu, nusu ya sindano ilikuwa kwenye nguo yangu. Nusu nyingine sikuiona. Palikuwa na tone la damu kwenye paja la kushoto, upande wa nje, dogo kuliko punje ya mtama.

Nilipapasa, nilikanda, niliweka kitambaa cha maji moto. Hakikutoka kitu. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa hataki nifanye kazi kiwandani, alikuwa anangoja kosa moja tu. Nikamwambia umeng'atwa na mdudu. Kesho yake nikampelekea msimamizi nusu moja, nikasema nyingine imeanguka mferejini. Wewe siku ya tatu ukawa unakimbia tena. Nikajiambia huenda ilianguka kweli.

Lakini sikuamini. Miaka thelathini na mbili nimekuwa nikiisikilizia, mimi nisiyesikia. Bibi mmoja wa kiwandani aliniambia zamani kwamba sindano hutembea mwilini hadi moyoni. Ukiwa na homa nasema imeanza safari. Na sasa ni tumbo, na damu, na kitu kimeziba njia hata kamera haipiti. Mwanangu, si ndiyo hiyo? Imepanda kutoka pajani ikafika tumboni. Huo ugonjwa hukupewa na mwili wako. Nimekupa mimi.

Kesho asubuhi barua hii inakwenda posta.

Mama yako.


4 Aprili

Mwanangu,

Barua ya juzi isome utakapoipata, lakini umeshajua. Nakuandikia hii ili ujue kilichotokea upande wangu wa simu, maana wa kwako sikuusikia.

Pale posta nilimuuliza karani, barua hii itafika lini. Akanionyesha vidole, wiki mbili, pengine tatu. Nikahesabu, tarehe 11 ni wiki moja. Nikasimama pale kama mtu aliyesahau alikotoka.

Nikaenda duka la dawa. Dada wa pale ni mtu wa staha, ndiye ananiandikia saa za kumeza vidonge vya presha. Nikampa namba yako. Nilikusudia nimnong'oneze yeye habari, yeye akuambie. Nilipofungua mdomo nikaona siwezi. Hiyo si habari ya kuwekwa kwenye kinywa cha mtoto wa watu. Nikamwambia piga, akipokea nionyeshe kwa mkono, nitasema mwenyewe.

Hukupokea mara ya kwanza wala ya pili. Ya tatu akainua mkono.

Mwanangu, mtu asiyesikia hajui sauti yake ina ukubwa gani. Mimi nilidhani nasema taratibu. Nikasema, "Una sindano kwenye paja la kushoto. Nilikuchoma mimi, mama yako, ukiwa mtoto. Usiingie kwenye sumaku." Nikarudia mara tatu ili uelewe. Nilipogeuka, watu waliopanga foleni walikuwa wameganda, na fundi viatu wa barazani ameacha nyundo hewani. Kwa hiyo sasa mtaa wote unajua nilichomficha baba yako mpaka kaburini.

Dada wa dawa akakusikiliza, halafu akaniandikia nyuma ya boksi la vidonge: Amesema amesikia. Atawaambia hospitali. Nikamuuliza, hakusema lingine? Akatikisa kichwa. Nikamuuliza, alisemaje, kwa sauti gani? Akafikiri, akaandika: Alinyamaza kwanza, kwa muda mrefu.

Hilo boksi ninalo hapa mezani.

Mama yako.


9 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo. Bomba limetengenezwa.

Tarehe 11 imepita, na wiki nne juu yake. Kila mara postamasta akinipungia mkono kwa mbali kwamba hakuna kitu, narudi. Dada wa dawa amejitolea kukupigia tena, nimekataa. Sitaki aniandikie neno la kunihurumia.

Kama walikupiga picha ukadhurika, mtu angekuwa ameniambia. Nadhani. Kama ni hasira, ni haki yako, lakini kasirika kwa barua. Niandikie matusi, nitayasoma yote. Hiki kimya ndicho sina miwani ya kukisomea.

Mama yako.


27 Mei

Mama, shikamoo.

Mimi ni mzima. Nianze na hilo, kwa sababu najua utaruka mistari kulitafuta.

Uliponipigia nilikuwa getini, malori yamejaa. Sauti yako waliisikia hadi madereva. Mmoja alizima injini. Kesho yake nilikwenda hospitali kumwambia mtaalamu wa picha kwamba fomu yangu ina kosa, nina sindano pajani na nimejua jana. Akaniuliza nimeijuaje baada ya miaka thelathini na mbili. Nikasema mama amekumbuka. Akaifuta ile hapana, akaandika ndiyo.

Wakanipiga eksrei ya mguu kwanza. Ipo, mama. Nusu ya sindano, urefu wa kucha ya kidole gumba, imelala ndani ya nyama ya paja upande wa nje, ilipoingilia. Haijatembea hatua moja. Imejijengea kovu lake na kutulia humo. Daktari wa picha na mwenzake walishauriana siku mbili, wakasema iko mbali na mshipa mkubwa na imeshikwa vizuri, mashine itafanya kazi, ila nikisikia moto au kuvutwa nibonyeze kipira wanachokupa mkononi nao watasimamisha. Kama nisingesema wakaniingiza vilevile, pengine lisingetokea kitu. Pengine lingetokea. Hakuna aliyetaka kubahatisha, na yule mtaalamu alisema waziwazi kwamba afadhali ulipiga kelele.

Nikaingia tarehe 18 Aprili. Yale maji ya dawa ni matamu ya kuchusha, nayo yanakukimbiza msalani kana kwamba sikuwa na mbio za kutosha. Wakaniwekea sindano ya mkononi, dawa ya kuutuliza utumbo usichezecheze, na nyingine ya kuung'arisha. Kule ndani mashine inagonga kama karakana. Sauti inasema vuta pumzi, toa, zuia. Unazuia. Halafu pumua. Kwa nusu saa hiyo ndiyo sauti pekee iliyojali kama ninapumua. Pajani nilihisi joto kidogo, au nilihisi kwa kuwa nilikuwa najua. Sikubonyeza.

Msichana wa mapokezi aliniuliza nimekuja na nani. Nikasema na koti. Mama, mke wangu aliondoka mwaka jana mwezi wa tano. Hakukuwa na ugomvi. Alichoka kuishi na mlango wa choo uliofungwa, na mimi sikumwambia kilichokuwa nyuma yake. Salamu zako zote ninazo mimi.

Sasa majibu. Palipobana ni karibu shubiri moja ya utumbo mwembamba, pale mwishoni unapokutana na ule mnene. Ukuta wake umenenepa mara tatu ya kawaida, na ulivyong'aa kwenye picha wanasema ni uvimbe zaidi kuliko kovu. Hakuna vijinjia vilivyotoboka. Kwa hiyo ni dawa kwanza, ya kutundikiwa, kila wiki nane, kuanzia mwanzoni mwa Julai. Oktoba wanapiga picha tena. Ikiwa uvimbe umeshuka, naendelea. Ikiwa haukushuka, kisu.

Nilimuuliza daktari swali lako. Nilimuuliza mara mbili, ya pili akaweka kalamu chini. Alisema sindano haihusiki hata kwa mbali. Akanionyesha picha mbili kando kwa kando, paja huku, utumbo kule. Alisema hata kama ungenichoma na sindano zote za kiwanda, ugonjwa huu usingetoka hapo. Ni maneno yake, sijaongeza.

Basi ningeweza kukuandikia siku ileile. Sikuandika kwa kuwa kila nikianza inatoka hasira, nachana. Si kwa ajili ya sindano. Ni kwa paja. Ulinikataza mpira, ulinikataza kuogelea, ulinikataza kukimbia na wenzangu, na hukunipa sababu. Nilikua nikiamini kwamba mguu wangu una kasoro ambayo kila mtu anaijua isipokuwa mimi. Mtu akikua hivyo anatafuta kazi ya kukaa. Anapanda mahali pa juu peke yake, anafunga mlango. Na akiugua hasemi, maana kwao ndivyo walivyomfundisha, jambo la mwilini halisemwi.

Nimeandika, sijachana. Hasira bado ipo lakini imepungua kuliko nilivyodhani.

Ile fomu ya Oktoba wameshanipa. Pale pa msindikizaji bado pako wazi.

Mwanao.


13 Juni

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako mpaka mikunjo imeanza kukatika.

Kuhusu mkwe wangu sina neno baya. Alingoja mlangoni kwa muda wake, mimi nimekungojesha maisha yako yote. Nani wa kumlaumu mwenzake?

Kuhusu mpira na kuogelea, umesema kweli. Niliogopa ukikimbia itasogea. Nilikulinda na kitu kilichokuwa kimelala, na kwa kukulinda nikakutenga na watoto wenzako. Samahani ni neno jepesi, lakini sina jingine. Nalisema kwa wino.

Nitakuambia na jambo la ajabu. Niliposoma kwamba haijatembea, nilikaa kitako nikafurahi, halafu ikafika jioni nikajikuta sina kazi. Miaka yote hii nikiamka nilikuwa na kitu cha kuogopa, kilikuwa kama mtu wa humu ndani. Sasa hayupo. Chumba cha mbele hakina mtu, cha nyuma hakina mtu, na hofu nayo imehama.

Hukuandika njoo. Nimesoma. Oktoba ni mbali na mimi sina subira hiyo. Utakapotundikiwa dawa mwezi ujao nitakuwa nimekaa kiti cha jirani. Ukiona haya kwenda msalani mara kumi mbele yangu, kumbuka nani alikufulia nepi. Dada wa dawa amenikatia nafasi kwenye basi la Alhamisi ya tarehe 2, ukipenda kunipokea nipokee, usipopenda nitauliza njia, mdomo ninao na ukubwa wa sauti yangu unaujua.

Jambo moja sikukuandikia katika ile barua ya Aprili. Nilikuambia ulipiga ukelele nikakutenga na mimi. Sikusema baadaye ulifanya nini. Nilikuweka chini nikarudi nyuma, naogopa mikono yangu mwenyewe, nisikuguse nikakuumiza zaidi. Hapakuwa na mtu mwingine chumbani. Ulitazama mlango, ukatazama kitanda. Halafu ukanijia, unachechemea, umeinua mikono yote miwili, unalia, unataka kubebwa na mimi niliyekuchoma.

Nikakubeba.

Mama yako.